Kitabu cha Pili Nilikisoma Mchana, Barazani

Kitabu cha kwanza nilikisoma usiku, siku mbili mfululizo, nikajuta. Ni riwaya ya kijana mchezaji, huko Marekani, ambaye kocha na wenzake wamemfanya mali yao. Mimi nilikimbia miaka mitatu kwenye kambi moja ya riadha Arusha, na mengi ya mle ndani niliyajua kabla sijafungua ukurasa. Jina la riwaya silitaji, maana kila ninayemtajia anaruka cha kwanza na kukimbilia cha pili, halafu ananipigia simu kuniuliza fulani ni nani.

Mwendelezo ulipotoka, rafiki yangu akanirushia kwenye simu na ujumbe: "Huyu sasa kapata timu nzuri. Soma, utapona." Nikausoma kama mtu anayemeza dawa ya mseto ya malaria: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu umeinuka. Nikafika sura ya nne sijapona, na yule kijana naye hajapona. Nilikasirika, nikakaa wiki nzima bila kukigusa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako uliyepitia kwa kocha wa namna hiyo ni huu: usimwangalie sana mhusika mkuu. Yeye unamjua tayari. Waangalie wenzake wa timu mpya, na hasa uangalie wasichokifanya. Hawamwulizi yaliyompata siku ya kwanza. Hawamshiki bega kutoka nyuma. Akimaliza sahani hawampigii makofi kama mtoto. Kuna kurasa na kurasa za kupeana lifti, kununua mkate, kubishana zamu ya kuosha vyombo ni ya nani. Wasomaji wengi wanalalamika kwamba pale katikati hakuna kinachotokea. Mimi naona pale katikati ndipo kitabu kilipo.

Nililielewa hilo kwa sababu ya maji. Nilipohamia Moshi nilijiunga na kikundi cha mbio cha mtaani, watu wa kawaida tu, walimu, bodaboda, mama mmoja muuza vitenge ambaye ndiye tunayemwita Mama Kocha. Kwa mtu aliyezoea hewa ya Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, kushuka Moshi kwenye mita 900 hivi ni kama kuongezewa pafu, kwa hiyo Jumamosi ile ya kwanza niliwaacha wote. Kisha nikarudi nikasimama mbele ya Mama Kocha, mikono nyuma, nikasema, "Shikamoo. Naomba ruhusa ninywe maji." Kule kambini maji yalikuwa ya kuombwa, na ukiwa na muda mbaya siku hiyo, hupati. Mama akaniangalia kidogo. "Marahaba. Kunywa tu, mwanangu." Akaendelea kunyoosha mguu wake kwenye ukuta. Hakuniuliza kitu, na mpaka leo hajaniuliza. Nilipomkuta yule kijana wa riwayani anaomba ruhusa ya kukaa kwenye kochi, nilikiweka kitabu chini nikaenda kufua.

Kuna jambo jingine lazima niliseme hata kama litawaudhi wapenda riadha. Sisi tumelelewa na hadithi ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka kwenye marathoni ya Olimpiki Mexico City mwaka 1968, akafika mwisho akiwa na goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Namheshimu mno. Lakini kambini hadithi hiyo ilikuwa fimbo. Nilipopata ufa kwenye mfupa wa muundi, kocha alinikumbusha Akhwari, nikakimbia juu ya ufa wiki tatu. Akhwari alikuwa mtu mzima, na kuendelea aliamua mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka 16. Riwaya hii ya pili ndiyo ya kwanza kunionyesha kocha anayemwambia mchezaji aliyeumia akae nje, na mchezaji akalia kwa hofu, akidhani ni adhabu. Sura hiyo isome taratibu.

Mengine ni ya kawaida. Soma mchana, mahali watu wanapopita. Mimi nilikaa barazani, majirani wakinisalimia kila baada ya ukurasa, na salamu zile zilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Kama cha kwanza kinakuumiza, mwombe aliyekisoma akusimulie kwa dakika kumi, kisha anza na cha pili, hakuna mtihani. Na kama wewe bado ni mtoto na mambo haya yanakutokea sasa hivi, weka kitabu pembeni upige 116. Ni simu ya bure ya msaada kwa watoto.

Usimlazimishe mtu kukisoma. Nilimpa binti mmoja wa kikundi chetu, naye kakimbia kambi, akanirudishia kesho yake bila neno. Nikakipokea, tukaenda kunyoosha misuli.

Wakati Alphonce Simbu anachukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, huku Tanzania ilikuwa usiku wa manane, nami nilikuwa nimelala. Asubuhi niliangalia marudio: yeye na Amanal Petros wa Ujerumani, wote saa 2:09:48, mpaka picha ya mstari wa mwisho ikaamua. Dhahabu yetu ya kwanza kwenye mashindano hayo. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza. Baadaye, nikiwa napika chai, ndipo nilipogundua kwamba nimetazama mbio kutoka mwanzo hadi mwisho na tumbo halikunikaza. Tangu niondoke kambini nilikuwa nazima televisheni.

Kitabu chenyewe bado sijakimaliza. Zimebaki sura tatu.