Kabla ya kununua seti ya roboti, mpe mwanao balbu iliyoungua

Wazazi wengi huniuliza wamnunulie mtoto seti gani ya roboti ili aje kuwa mhandisi. Mimi huwaambia waanze na kilichokufa pale pale nyumbani.

Chukua balbu ya LED iliyoungua. Ichomoe, iache ikae kwa muda ili chaji iliyobaki kwenye kapasita (kijisehemu kinachohifadhi chaji) iishe, kisha bandua kile kifuniko cheupe. Utakuta kibati cha alumini chenye vijitaa vya njano, na mara nyingi kimoja kina doa jeusi katikati. Mwache kijana alione doa hilo kwa macho yake, halafu muulize: mbona kimeungua kimoja na vimezima vyote? Akihangaika na swali hilo, saketi ya mfululizo (vifaa vilivyopangwa foleni kwenye njia moja ya umeme) aliyoikariri darasani itaanza kumwingia. Usimpe jibu haraka. Hata akilala nalo, sawa tu.

Vijana ninaowafundisha wana sharti moja: hakuna kushika bisibisi kabla ya kuandika kwenye daftari unachodhani kimeharibika, na kwa nini. Bila hivyo wanakuwa wafunguaji wa vitu tu.

Akishazoea, mpe LED nyekundu, yaani kijitaa kimoja, na betri ya volti 9. Akiziunganisha moja kwa moja, LED itaungua, na ni vizuri aone. Kisha apige hesabu: LED inachukua volti 2 hivi, zinabaki 7 za rezista, kijisehemu kinachopunguza mkondo. Tukitaka mkondo wa ampea 0.015, 7 gawanya kwa 0.015 ni kama ohm 467. Dukani ataomba rezista ya ohm 470, na atajua kwa nini anaomba hiyo.

Maikrowevu na TV za chogo msiziguse kabisa; zinaweza kuua hata zikiwa zimechomolewa. Betri ya simu iliyovimba nayo isichokonolewe. Kazi yoyote ya umeme wa ukutani ni ya mtu mzima anayeijua.

Bernard Kiwia wa Arusha alikuwa fundi baiskeli, akaunda chaja ya simu inayotumia nguvu ya baiskeli. Alianzia kwenye kitu alichokijua kwa mikono yake.

Na tafadhali, binti akitaka bisibisi, mpeni. Inaniuma kuona kaka anaitwa kushika tochi fundi akija, dada anatumwa jikoni. Safari ijayo fundi akifika, mwiteni binti, na mwombeni fundi aeleze anachofanya.