Barua kwa Mwanangu: Diploma Yako na Mlango wa Uhandisi

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kuchukua kalamu, kwa sababu ulichoniuliza si jambo la kujibiwa kwenye simu. Umesema kwamba, kwa hiyo diploma yako ya uhandisi wa umeme uliyoisomea miaka mitatu na kuipata kwa krediti, chuo kikuu kimoja kiko tayari kukuingiza moja kwa moja mwaka wa tatu wa shahada ya teknolojia ya uhandisi. Chuo kingine kimekuruhusu kuomba nafasi katika shahada yenyewe ya uhandisi wa umeme, ambayo ni ya miaka mitano, lakini kitakusamehe masomo machache tu, na hata ukibahatika utaanzia mwaka wa pili. Unauliza kama si hasara kuitupa miaka uliyokwisha kuisoma.

Omba ile ya miaka mitano. Na hata wakikubali kukusamehe hisabati ya mwaka wa kwanza, waombe uisome.

Nitakueleza ninakoitoa rai hii, kwa maana sikuwahi kukusimulia. Nilipokuwa fundi wa umeme kiwandani, tulipewa kazi ya kubadilisha transfoma iliyokuwa imechoka na kuweka nyingine ya kVA 1000, ya kushusha umeme kutoka volti 11,000 hadi 415. Mchoro niliuchora mimi, usiku tatu mfululizo, kwenye meza ile ile uliyofanyia kazi zako za shule. Mchoro ulihitaji sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa, na aliyekuja alikuwa kijana aliyenizidi kimo tu. Aliniuliza swali moja: nilichaguaje breka kuu, ile swichi inayokata umeme kukitokea hitilafu? Nikamjibu kwamba siku zote tumetumia ya ukubwa huo. Hakunicheka. Aligeuza karatasi, akaandika kwa penseli mkondo wa transfoma ikibeba mzigo wake wote, yaani ampea 1,391, akaugawanya kwa kizuizi cha ndani cha transfoma, ambacho kibati chake kilionyesha kuwa asilimia 5, akapata karibu ampea 27,800. Huo ndio mkondo ambao ungepita endapo shoti ingetokea hapo hapo nyaya zinapotoka kwenye transfoma. Breka yangu ilitengenezwa kukata ampea 25,000. Siku ambayo shoti hiyo ingetokea, ingeweza kupasuka mbele ya uso wa mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Hesabu hiyo wewe unaiweza. Ulifundishwa kwenye diploma, mimi wakati wangu nilifundishwa kusoma jedwali. Lakini kijana yule alinieleza kwamba hiyo ni shoti iliyo rahisi, inayogusa nyaya zote tatu kwa usawa. Ikigusa waya mmoja na ardhi, jambo ambalo kwenye nyaya za juu ndilo hutokea zaidi, mtu hulazimika kutumia njia aliyoieleza Charles Fortescue mwaka wa 1918, ya kuugawa mfumo usio sawa katika mifumo mitatu iliyo sawa, na njia hiyo imejengwa juu ya hisabati ya namba changamano na matriksi. Hapo ndipo nilipoachwa. Nilimtazama akiandika, nikatambua kwamba sahihi yake haikuwa upendeleo wa karatasi. Alikuwa anaona kitu ambacho mimi sikukiona.

Ndiyo maana sikubali neno lako la "kutupa". Diploma imekupa mikono, nayo ni mali ambayo mwenzako atakayetoka kidato cha nne hatakuwa nayo. Kitu ambacho haikukupa kwa kina ni hisabati, na mwaka wa kwanza na wa pili wa uhandisi ndipo inapofundishwa bila haraka. Ukiruka hapo, mwaka wa tatu utakutana na nadharia ya sumakuumeme na mifumo ya udhibiti, na mhadhiri hatarudi nyuma kwa ajili yako.

Sasa kuhusu shahada zenyewe. Majina yanakaribiana, lakini milango ni miwili. Wahandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, chini ya sheria ya mwaka wa 2011: mhitimu huanza kama mhandisi mhitimu, na baada ya angalau miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi anaweza kuomba kuwa mhandisi mtaalamu, mwenye haki ya kutia sahihi michoro. Wanateknolojia, yaani wenye shahada ya teknolojia ya uhandisi, na mafundi sanifu wana bodi yao, iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2016. Hata kimataifa ngazi hizi zimetenganishwa: Mkataba wa Washington wa 1989 unahusu shahada za wahandisi, ule wa Sydney wa 2001 unahusu wanateknolojia. Sisemi kwamba mwanateknolojia ni mtu wa chini. Nimekula na kuwasomesha kwa kazi ya ufundi na sijawahi kuionea haya. Kama ungetaka kusimamia mitambo, kuipima na kuitengeneza, ningekuambia uende mwaka wa tatu kesho asubuhi. Lakini uliniambia unataka kupanga mitandao ya umeme. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza watakuweka mwaka wa ngapi, uliza kama kozi hiyo imo katika orodha ya EBK. Angalia jina la kozi, si jina la chuo, kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa na kozi inayotambuliwa na nyingine isiyotambuliwa.

Nafasi ni chache, hilo unalijua. Nyingi huchukuliwa na wanaopangwa na KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, kwa alama za KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, na ninyi wa diploma mnagombania zilizobaki. Usitegemee lile neno krediti lililo juu ya cheti, kwa sababu wote mtakaoomba mtakuwa nalo. Watatazama alama zako za hisabati na za kanuni za umeme, kisha watarudi kwenye fizikia na kemia zako za KCSE, maana diploma haiifuti KCSE. Omba vyuo zaidi ya kimoja. Kakamega ni karibu, pale Masinde Muliro ambapo wazee bado wanapaita WECO. Moi kule Eldoret iko. Na Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, usipaogope kwa sababu ya umbali.

Jambo la kusamehewa masomo lina mtego wake. Idara husamehe somo baada ya kulinganisha mada kwa mada, si jina kwa jina, kwa hiyo hati ya matokeo peke yake haitoshi. Chukua na silabasi ya kila somo, yenye muhuri wa chuo chako, pamoja na kile kitabu cha mafunzo ya kiwandani. Na uamuzi uwe kwa maandishi, kutoka idarani, kabla hatujalipa hata shilingi moja. Binamu yako aliahidiwa mwaka wa pili kwa mdomo, dirishani, akalipa, na muhula ulipofunguliwa akakuta jina lake katika orodha ya mwaka wa kwanza. Aliyemwahidi alikuwa amehamishwa.

Karo ya miaka hiyo ya ziada tumeizungumza mama yako na mimi. Akiba yangu ya SACCO itabeba muhula wa kwanza, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, utauomba mapema. Hilo lisikufanye uchague njia fupi.

Silabasi zako nimezipata, zilikuwa chini ya sanduku la vyombo vyangu, ndani ya bahasha ya kaki, isipokuwa ile ya hisabati ya mwaka wa pili ambayo sioni. Kumbuka ulimwazima nani. Zilizobaki nitakuletea mwenyewe Alhamisi, tupeleke zote pamoja.

Ni mimi baba yako.