Ukitaka flamingo, usiishie Nakuru

Dada, umeuliza kama ukiwapeleka watoto Ziwa Nakuru Desemba hii watawaona flamingo kama wale wa kwenye kalenda. Usiwaahidi. Nilipoenda nikiwa sekondari, mwaka 2006, ufuo ulikuwa wa waridi mwanzo hadi mwisho. Niliporudi na wanangu 2015 hatukuhesabu hata hamsini, na kitinda mimba wangu alilia garini.

Sababu ni maji. Tangu 2010 hivi ziwa limefura, likameza barabara, lango kuu la zamani na migunga ambayo imekauka ikiwa imesimama majini. Maji yakizidi, magadi hupungua ukali, na ule mwani ambao flamingo mdogo huuchuja akiwa amepindua mdomo haustawi. Mwani huo ndio chakula chake, na ndio unaompa rangi. Akiukosa, huhama. Siku ile ya 2015 tuliona mwari na mnandi, ndege ambao wote hula samaki. Vifaru weusi na weupe wako pia, kwa hiyo Nakuru pitieni.

Ila kwa flamingo, shika barabara ya Marigat hadi lango la Loboi, Ziwa Bogoria. Sisi tulilala Marigat, tukafika lango likifunguliwa. Waulize askari ndege wako upande gani, maana nako maji yamepanda na njia ya ufuoni imekatika sehemu. Kisha zima gari, mkae. Sisi tulikaa saa nzima, na watoto wenyewe ndio waliokataa kuondoka. Kwanza husikika mvumo wao, kama watu wengi wanaoongea kwa mbali. Halafu furukombe akatokea, kundi lote likainuka, ikawa kama maji yamefunuliwa shuka. Mwanangu akauliza, "Baba, huyu si hula samaki?" Bogoria haina samaki kwa ule ukali wa magadi, kwa hiyo furukombe wa pale huwinda flamingo. Alimkamata mmoja mbele yetu. Binti yangu alifunika macho, kisha akachungulia.

Kwenye chemchemi za moto washike mkono wasikuponyoke. Maji yanachemka kabisa, na ukingo wake ni mwepesi kukatika.

Na darubini beba, hata ya kuazima. Bila hiyo, ndege wakiwa ng'ambo, wataona mstari wa waridi tu.