Zero FX Jumamosi: zima swichi nyekundu ndipo ushuke

Ndugu yangu, ngoja kwanza. Umeandika kwamba Jumamosi unakwenda kujaribu Zero FX, pikipiki ya umeme, iliyotumika, kwamba umepanda pikipiki za petroli miaka 15, Honda XL kisha XR150, na kwamba muuzaji amekwambia "haina klachi wala gia, ni kama skuta, utakuwa umeizoea kabla ya kufika getini." Umeuliza kama itakufikisha Kwale na kukurudisha, utaichaji vipi nyumbani, itavumilia vipi mvua na chumvi yetu ya pwani, na utapata bei gani ukija kuiuza. Halafu ukaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba utaitoa pale Nyali, Mombasa, uiingize moja kwa moja kwenye mchanga wa ufuoni, na ikikwama utashuka uisukume.

Hilo la kushuka na kusukuma ndilo lililonifanya niandike. Hapo ndipo nilipovunja shoki za mbele, rimu na taa ya pikipiki ya umeme ambayo hata haikuwa yangu, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwenda dukani. Nami pia nilikuwa na miaka mingi ya petroli.

Shika hili hata kama mengine yote utayasahau: swichi nyekundu ya kuzima mota, iliyo upande wa kulia wa usukani, inazimwa kabla mguu wako haujavuka kiti. Inazimwa kabla ya kuisukuma, kabla ya kuigeuza uani, kabla ya kumpisha rafiki aikalie. Iwe unashuka kwa sekunde tano au kwa saa nzima, ni vilevile.

Sasa sababu. Pikipiki ya petroli inakulinda kwa njia tatu ambazo hujawahi kuzihesabu kuwa ulinzi. Kwanza inanguruma, kwa hiyo huwezi kusahau kwamba ni hai. Pili, ukikosea ikiwa kwenye gia bila mwendo, injini inakatika. Inaruka kidogo, inazimika, mnatukanana, basi. Tatu, mkono wako wa kushoto una klachi, na kila unapohisi mambo yanaharibika vidole viwili vinaivuta bila hata kuulizwa. Hiyo klachi imekuokoa mara nyingi kuliko breki.

FX haina hata kimoja kati ya hivyo. Ikisimama iko kimya kabisa, na imewaka. Mota haizimiki kwa kuzidiwa. Ukiipa amri inasukuma hadi kitu kivunjike au wewe uachie. Na mkono wa kushoto hakuna klachi kabisa. Vidole vyako vitakwenda kuivuta, vitashika hewa, na wakati huohuo mkono wa kulia utakuwa unafanya jambo jingine.

Jambo lenyewe ni hili, litazame kwa karibu. Umesimama upande wa kushoto wa pikipiki, mchanga umemeza gurudumu la nyuma. Kiganja cha kulia kimefunika aksileta, kifundo cha mkono kiko juu. Unasukuma. Pikipiki inachomoka ghafla na kwenda mbele nusu hatua, wewe miguu yako bado iko mchangani. Mkono unanyooka, kifundo kinashuka, na aksileta inazunguka kuelekea kwako. Mota inaitika papo hapo, pikipiki inakwenda zaidi, mkono unavutika zaidi, aksileta inafunguka zaidi. Unavyozidi kuikamata isikuponyoke ndivyo unavyozidi kuiongezea moto. Yote hayo yanaisha kabla hujamaliza kusema "eh!". Kwenye petroli mzunguko huo unakatwa na klachi. Hapa unakatwa na ukuta.

Na nguvu yenyewe si ndogo. FX ya betri ya kWh 7.2 ina kama kilo 131 na mota yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 106, na inaitoa tangu mzunguko wa sifuri. XR150 yako ina kama Nm 12. Usidhani basi ni mara nane. Yako ina giaboksi ya kuizidisha nguvu ile, FX haina gia za kubadilisha. Lakini yako lazima ipande resi kwanza ndipo ivute, na unaisikia ikipanda. Hii haina cha kupanda.

Kwa hiyo ninapomsikia muuzaji akisema "ni kama skuta" napandwa na hasira kweli. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, kwa tabasamu hilohilo, na mtu aliyejua vizuri kwamba mteja wa petroli ndiye anayeumia zaidi. Anayejifunza pikipiki leo hana mazoea ya klachi, anaogopa, anakwenda taratibu. Sisi tunafika na miaka 15 mikononi, na hiyo miaka ndiyo inayosukuma kidole kwenye klachi isiyokuwepo. Muuzaji anayekupa ufunguo bila kukuonyesha swichi, stendi na taa ya kuonyesha kwamba mota iko tayari, hajakuheshimu. Dakika tatu tu zingetosha. Na ikianguka mkononi mwako, utaona jinsi atakavyojua bei ya kila spea kwa kichwa. Kabla hujakaa kitini mfanye aandike nani analipa nini pikipiki ikianguka wakati wa kujaribu. Akikataa kuandika, rudi nyumbani.

Ukifika, usikubali kupanda mara moja. Omba stendi ya gereji ya kuinua gurudumu la nyuma na mtu wa kushika usukani. Weka modi ya Eco, ile ya nguvu kidogo, kaa mbali na mkanda wa nyuma, shati lisining'inie. Stendi ya pembeni ikiwa chini, washa na ufungue aksileta kidogo sana: gurudumu lisizunguke. Likizunguka, swichi ya stendi imeharibika au mtu ameiunganisha moja kwa moja, na kwa pikipiki iliyotumika pwani hilo si ajabu, chumvi inakula vitu vidogo kwanza. Pandisha stendi, zima swichi nyekundu, jaribu tena: lisizunguke. Washa swichi, lizungushe taratibu, kisha bonyeza breki ya mbele na utazame kama mota inakatika au inaendelea kuzungusha gurudumu. Fanya hivyohivyo kwa ya nyuma. Kuna pikipiki za umeme ambazo breki inakata mota na kuna ambazo haikati, na ni lazima ujue uliyokalia ni ipi kabla hujaingia barabarani. Mwisho fungua aksileta na uiachie ghafla. Irudi yenyewe, kwa kishindo kidogo. Kama inarudi kivivu, tazama mwisho wa usukani: mara nyingi mpira wa kishikio umesogea ukagusa kinga ya mkono, au mchanga umeingia ndani. Hiyo usiipande mpaka fundi aifungue.

Halafu kaa kitini, gurudumu likiwa chini, na ufanye zoezi hili mara 20 hapohapo uani. Naam, ishirini. Simama, breki ya mbele imeshikwa, kidole gumba kinazima swichi nyekundu, macho yanahakikisha ile taa ya kuonyesha kwamba mota iko tayari imezimika, ndipo mguu unavuka. Kupanda tena ni kinyume chake: kaa, shika breki, pandisha stendi, washa swichi mwisho kabisa. Watu watakucheka. Waache.

Na unapoisukuma, hata kama imezimwa, usishike aksileta kwa kiganja. Mkono wa kulia uwe kwenye breki ya mbele kwa vidole viwili, na vingine vishike pale breki inapofungwa kwenye usukani. Au kushoto ushike kishikio na kulia ushike fremu ya nyuma ya kiti. Hivyo hata mtu mwingine akiwa ameiwasha bila wewe kujua, hakuna cha kuzunguka.

Kuna kosa jingine la ukoo huohuo. XR yako ukiiegesha kwenye mteremko unaiacha gia ya kwanza na inatulia. FX ikizimwa ni gurudumu huru, inabingirika na kujitoa yenyewe kwenye stendi ya pembeni. Fikiria ile miteremko ya feri ya Likoni, watu wamebanana, mikokoteni mbele, na pikipiki yako inaanza kujisogeza. Elekeza uso wake juu mlimani, stendi ibane, na kama utakaa muda funga breki ya mbele kwa kamba ya mpira. Kwenye feri yenyewe usishuke. Ikalie, swichi imezimwa, mguu kwenye breki. Na ukumbuke hakuna atakayekusikia ukiondoka. Piga honi fupi. Mtu wa mkokoteni amezoea kukusikia kabla hajakuona.

Mchanga basi, maana najua utakwenda tu. Usianzie hapo. Anza na lami tupu, kisha murram, mchanga uwe wa mwisho. Kaa modi ya Eco, kwa sababu inapunguza nguvu ya kuondoka. Lakini Eco pia inaongeza breki ya mota, ile ya kurudisha umeme kwenye betri, na ukifunga aksileta ghafla mchangani gurudumu la nyuma linavutwa, usukani unazama. Usiifunge yote, iache wazi kidogo, ukae nyuma, uende mwendo wa kudumu. Kwenye petroli ungecheza na klachi ili kupata nguvu ndogo ya kutambaa. Hapa unaipata kwa kushika breki ya nyuma kidogo huku aksileta imefunguka kidogo, ikiwa ulishaona kwenye stendi ya gereji kwamba breki haikati mota. Ikikwama kweli, zima swichi, shuka, ilaze ubavu mmoja, jaza mchanga kwenye shimo la gurudumu, iinue, ivute nyuma kwa mikono. Mota iache ipumzike. Ikizunguka inachimba tu, na kuchimba kunapandisha joto la mota, likizidi pikipiki yenyewe inapunguza nguvu.

Betri ikiwa imejaa kabisa, ile breki ya mota inakuwa dhaifu kwa sababu umeme hauna pa kwenda. Ukichaji hadi mwisho kisha ukaanza safari kwa kuteremka, kama vile kutoka Rabai, utafunga aksileta na pikipiki itaendelea kuteleza kama haijasikia. Iko sawa, ila uwe umejiandaa kwa breki za kawaida.

Kuhusu Kwale: acha kutazama mlima. Kwale iko karibu mita 400 juu ya bahari, na kupandisha kilo 210 za wewe na pikipiki mita 400 ni kama kWh 0.23, kabla ya hasara za mota. Kwa betri ya kWh 7.2 ni asilimia tatu na kitu. Kinachokula betri ni upepo. Karatasi ya kampuni yenyewe inasema kama km 146 kwa mwendo wa mjini na kama km 63 tu kwa km 112 kwa saa. Kwa hiyo kuzunguka mitaa ya Nyali dakika 20 hakukuonyeshi chochote. Subiri betri ishuke chini ya asilimia 90, andika namba, toka barabara ya Malindi km 10 kwa mwendo wako halisi, usome tena. Tuseme imekula asilimia 14. Ukibakiza 20 ya akiba, una 80, ambayo ni km 57. Kwale ni kama km 30 kutoka Mombasa, yaani 60 kwenda na kurudi. Hapo huna safari, una kusukuma, na kusukuma tumeshakuzungumzia. Ukipunguza mwendo hadi 60 hesabu inabadilika kabisa, kwa hiyo pima kwa mwendo huo pia.

Kuchaji ni soketi yako ya kawaida ya pini tatu. Chaja ya ndani ya wati 650 kwa betri hiyo ni usiku mzima, kama saa kumi, na soketi haitashtuka.

Jumamosi usiku rudi hapa uniambie mambo mawili: breki ilikata mota au haikukata, na stendi ikiwa chini gurudumu lilizunguka au halikuzunguka. Kama lilizunguka, nitakuelekeza swichi yake ilipo na jinsi ya kuipima kwa mita kabla hujatoa hata shilingi.