Je, mofini itammaliza baba?

SWALI: Baba ana miaka 74, yuko ICU hapa Nairobi kwa siku ya 11 sasa, anapumua kwa mashine. Figo zimekataa. Daktari ametuita akatuambia hatapona, na kwamba wanataka kumwanzishia mofini, dawa kali ya maumivu. Kaka yangu amekataa katakata, anasema hiyo ni dawa ya kummaliza mtu. Ni kweli? – Msomaji, Kayole

JIBU: Pole sana, dada. Hofu ya kaka yako naielewa, nimeisikia kwa familia nyingi. Watu wameona mofini ikianza leo na mgonjwa akafariki kesho, wakaona dawa ndiyo iliyomuua. Mara nyingi mgonjwa huyo alikuwa anakata roho tayari. Dawa ndiyo iliyochelewa.

Mofini hupimwa. Muuguzi huanza na kidogo, kama miligramu 1 au 2 kwenye mshipa, husubiri kama robo saa, kisha humtazama mgonjwa tena. Akiwa bado anateseka, huongezwa kidogo. Ikitolewa hivyo haikusudiwi kukatiza uhai, bali kutuliza maumivu na ile hali ya kukosa pumzi, ambayo kwangu mimi ndiyo mateso makubwa zaidi.

Utajuaje ana maumivu na mrija uko kinywani? Sisi hutazama mambo manne. Uso: amekunja paji? Mwili: anahangaika, anavuta mirija? Misuli: muuguzi akimkunja mkono taratibu, unakaza? Mashine: anashindana nayo mpaka inalia? Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2. Jumla ikifika 3, tunahesabu kuwa anaumwa, hata kama macho yamefumba.

Jambo ninalotaka mlikazanie ni figo. Mabaki ya mofini hutolewa mwilini na figo. Zikikataa, yanarundikana, na mgonjwa anaweza kusinzia kupita kiasi au misuli ikaanza kushtukashtuka. Muulizeni daktari: dozi imepunguzwa kwa ajili ya figo, au mtatumia fentanili, dawa nyingine ya maumivu isiyorundikana hivyo? Msione haya kuuliza.

Ombeni pia timu ya huduma shufaa, yaani wanaoshughulikia utulivu wa mgonjwa asiyepona. Kazi hii si ngeni mjini: Nairobi Hospice, pale Kenyatta, ilianza 1990. Ulizeni kama bado kuna haja ya kumtoa damu ya vipimo kila asubuhi. Na wewe, dada, omba kipande cha shashi kilicholoweshwa maji umpanguse midomo. Mrija huikausha mpaka inapasuka. Zungumza naye ukifanya hivyo, huenda anasikia.

Kaka yako usibishane naye kwenye simu. Mwombe daktari aruhusu awepo dozi ya kwanza ikitolewa, asimame upande wa kichwa, alitazame lile paji la uso la baba likikunjuka.