Jina lililouzwa kwa dola 1

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: kampuni ya kamari ikijiita kampuni ya burudani, inabadilika kweli? Nimeifuatilia Penn ya Marekani kwa miaka kadhaa. Jina limebadilika, fedha zinatoka kulekule.

Penn ilianzia kwenye uwanja wa mbio za farasi huko Pennsylvania mwaka 1972, na hadi 2022 iliitwa Penn National Gaming. Leo ni Penn Entertainment. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliporuhusu majimbo yahalalishe kubeti michezo, kampuni za FanDuel na DraftKings tayari zilikuwa na wateja wengi kutoka kwenye mashindano yao ya kupanga timu za kufikirika. Penn ilitegemea kasino zaidi, ikaona inunue umaarufu. Ikainunua Barstool Sports, tovuti maarufu ya habari na porojo za michezo, kwa awamu mbili, 2020 na 2023, kwa jumla ya dola milioni 550 hivi. Agosti 2023 ikamrudishia mwanzilishi wake, Dave Portnoy, kwa dola 1, kwa ahadi kwamba Penn itapata nusu ya fedha akija kuiuza. Mwezi huohuo ikakubali kuilipa ESPN, televisheni ya michezo, dola bilioni 1.5 kwa miaka 10 ili itumie jina lake. Miaka 10 hiyo haikufika hata mitatu: Desemba 2025 programu yake ya kubeti, ESPN Bet, ikaitwa theScore Bet.

Fungua ripoti yake ya mwaka 2023 au 2024, nenda kwenye jedwali la vitengo. Safu za kasino, mkoa kwa mkoa, zina faida. Shuka hadi kitengo cha mtandaoni: tarakimu zimefungwa kwenye mabano, yaani hasara, na ni mamia ya mamilioni ya dola. Wanaocheza kasino ndio waliolipia jaribio lote.

Kosa naliona hapa: mtu anatazama mechi ESPN, lakini salio lake liko kwenye programu nyingine, na mkeka wake anausukia hukohuko alikouzoea. Tangazo halimhamishi.

Tena tusisahau mapato ya kamari ni nini. Ni fedha walizoweka wateja ukitoa walizoshinda. Kwa maneno mengine, ni hasara yao. Ndiyo maana neno burudani linanikera. Ningependa kampuni hizi ziandike pia ni wateja wangapi wanaochangia nusu ya mapato hayo, maana wapo wanaomaliza mishahara humo. Mstari huo sijaukuta katika ripoti yoyote niliyofungua.