Kichefuchefu katika mbio ndefu za milimani

Ndugu, umeuliza kama kuongeza kilomita za mazoezi kutazuia kichefuchefu kinachokupata baada ya saa kadhaa za kukimbia, nawe unajiandaa kwa Western States, mbio ndefu za milimani huko Kalifornia, Marekani. Kwa maoni yangu, kinachohitaji mazoezi zaidi ni utumbo wako. Mwili ukipata joto, damu nyingi huelekea kwenye misuli na ngozi, na utumbo uliobaki na damu kidogo hushindwa kupokea sukari nyingi kwa mara moja. Ndiyo maana inafaa uanze na gramu 40 za wanga kwa saa katika mbio zako ndefu, kisha upande polepole hadi 60 au hata 90, ukichanganya aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi, kwa kuwa kila moja hufyonzwa kwa njia yake. Kichefuchefu kikianza, punguza mwendo na ujipoze kabla ya kula tena. Maji unywe kwa kiu, kwani kuyazidisha hushusha sodiamu katika damu, na hali hiyo inaweza kuua.

Usisahau miteremko. Njia hiyo ya Kalifornia, yenye kilomita 161, hushuka zaidi kuliko inavyopanda, na mapaja yasiyozoea kushuka huumia mapema.